Ukuta wa Mwalimu Jayanti

Kazi yangu, wanangu, ilikuwa kuangalia matone ya maji. Msicheke. Wako walioajiriwa kuchunga mbuzi, wako walioajiriwa kuchunga pesa za watu, na mimi nikaajiriwa kuchunga tone. Likidondoka juu ya kitu, linasimama au linalala? Likisimama mviringo kama ushanga, kitu kile kinayakataa maji. Likilala na kutandazika, kinayapenda. Basi! Hiyo ndiyo kemia ya nyuso za vitu, na mkimsikia mtu anaizungumza kwa maneno makubwa kuliko hayo, mwacheni amalize, kisha muulizeni tone lake lilisimama au lililala.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikufa hajaielewa. Majirani wakimuuliza, "Zuhura anasomesha nini huko chuoni?" yeye huwajibu, "Anasomesha dawa." Nikimwambia, Mama, mimi si daktari wa watu. "Haya, daktari wa nini?" Wa nyuso. "Nyuso za nani?" Za vitu. Hunitazama, huvuta ukili wake akaendelea kusuka, kisha husema taratibu, "Maskini mwanangu." Na nnakwambieni kweli, zilikuwapo siku nyingi chuoni ambapo mimi na Mama tulikuwa sawasawa katika kutokufahamu.

Mmenitaka niwaandikie nilivyofanikiwa. Mnapenda mambo yaliyonyooka nyie, mnataka mtu akwambieni: nilianza hapa, nikapita pale, nikafika. Mimi muda mwingi nilikuwa nimesimama katikati ya maabara, bomba la sindano mkononi, najiuliza hiki ninachokiona ni nini. Kwa hiyo nitakwambieni habari ya ukuta mmoja, ambao mpaka leo nikiufikiria kichwa kinaniuma.

Lakini kwanza mumjue Mwalimu Jayanti, maana ukuta ulikuwa wake.

Mwalimu Jayanti alikuwa Mhindi wa hapahapa Mji Mkongwe, babu yake akiuza vitambaa Mlandege, baba yake akiuza vitambaa Mlandege, na yeye akatazamiwa auze vitambaa Mlandege. Akakataa, akasoma kemia. Suruali aliivaa juu karibu na kifua, penseli haikumtoka sikioni, na alikuwa na ukali wa mtu asiyepaza sauti. Mimi nilifika kwake msichana mdogo, nywele zimekolea mafuta ya nazi, najiona nimesoma. Nikasema, "Shikamoo Mwalimu." Akasema, "Marahaba. Kaoshe hicho kioo."

Nikakiosha. Akakitia chini ya bomba, maji yakakatikakatika juu yake yakawa vitone vitone. "Kichafu," akasema. Nikaosha tena. "Kichafu." Mpaka adhana ya adhuhuri mimi nimo katika kioo kimoja tu, machozi yananilengalenga. Nikamwambia, "Mwalimu, nshakiosha mpaka mikono inaniuma!" Akasema, "Hujakiosha, umekipaka. Umekipaka mafuta ya kichwa chako, umekipaka jasho lako, sasa umekifuta na kanga yako umekipaka na sabuni ya kanga." Kioo kisafi, wanangu, maji hushuka juu yake kama shuka moja, hayakatiki. Usikifute kwa kitambaa, kisuuze kwa maji ya moto, kiache kikauke chenyewe, kishike kwa kibanio. Hayo mkiyashika, nusu ya kazi mmeimaliza.

Kitu cha pili alichonifunza ni shahidi. Ukipaka dawa kwenye kigae kimoja, lazima uwe na kigae kingine cha udongo uleule, siku ileile, usichokipaka kitu. Hicho yeye alikiita shahidi. Dawa ikifanya kazi na shahidi akafanya kazi vilevile, basi dawa yako ni maji ya bomba. "Jambo lisilo na shahidi ni umbea," akitwambia, na akikukuta umefanya jaribio bila shahidi hakugombi. Anavaa kofia yake anakwenda zake nyumbani, na wewe unabaki na aibu yako.

Nyumbani kwenyewe kulikuwa nyumba ya mababu, ghorofani, ndani kabisa katika vichochoro, ambako aliishi na dada yake, Bi Kokila. Bi Kokila alifiwa na mume mapema, watoto wake wako ng'ambo, yeye karudi kwa kaka yake. Mwembamba, mwenye sauti ya kumwita mtu wa mtaa wa tatu. Wamezaliwa humo wote wawili, katika chumba kilekile cha mbele, na ukuta wa chumba kile ndio uliokuwa unalia.

Kulia kweli. Nyumba zetu hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mnazijua. Sasa zamani mtu mmoja akaona lipu la chokaa limechoka, akalipiga juu yake lipu la saruji, zuri, gumu, la kijivu. Baada ya miaka ukuta ukaanza kutoka jasho, chumvi ikachipua kama ukoga mweupe, saruji ikavimba, na siku moja kipande kikaanguka juu ya kitanda cha Mwalimu. Kwa bahati alikuwa chooni.

Wakaja wakaguzi wa majumba. Wakagonga, wakasikiliza, wakasema: ukuta huu ukiendelea kunywa maji hivi, masika ikiingia utashuka wote. Ukiwa mkavu kabla ya masika, kaeni. Usipokuwa mkavu, mtahama, na nyumba itafungwa.

Mwalimu alikuwa keshastaafu. Mimi nilikwenda na sahani yangu ya halua kuwapa pole, nikamkuta amekaa kwenye kiti anautazama ukuta, hajanyoa. Bi Kokila akanivuta jikoni. "Hali," akasema. "Kaka yangu hali chakula. Nimempikia dali, nimempikia viazi, anaizungusha tu sahani. Wanangu wanataka tuhamie kwao, kule kwenye barafu. Zuhura, mtu mzima yule, nikamzike kwenye barafu?" Kisha akanitazama hasa, na akasema jambo lililonikaa kifuani. "Wewe si ndo mtu wa maji? Basi yaambie maji yatoke ukutani kwangu."

Nami, kwa bahati au kwa balaa, sijui, nilikuwa na kitu. Nilikuwa nanunua mwani kwa kina mama wa Paje, nauchemsha mpaka unakuwa rojo, nauchanganya na maji ya chokaa. Nikilipaka rojo lile kwenye vigae vyangu vidogo vya lipu la chokaa, vya ukubwa wa biskuti, likikauka nikadondosha tone, tone linasimama. Linasimama, wanangu! Linakutazama! Mwani unaopenda maji kuliko samaki, ukishaungana na chokaa unayakataa. Nilikuwa na maelezo yangu mazuri juu ya jambo hilo, nimeyasoma mbele ya watu na nikapigiwa makofi.

Nikamchukulia Mwalimu vigae vyangu. Akauliza, kama nilivyojua atauliza, "Shahidi yuko wapi?" Nikamwonesha vigae visivyopakwa. Tone likizama palepale, kama umelimwaga mchangani. Akayatazama yote mawili muda mrefu. Kisha akamwambia dada yake, "Lete chakula." Bi Kokila akanibusu kipaji cha uso, na mimi nikarudi nyumbani nimevimba kichwa, napita vichochoroni kama bibi harusi.

Tukamleta Fundi Makame, mtu wa Makunduchi, fundi wa chokaa na mtani mkubwa. Nikamwambia, Fundi, dawa yangu nimeijaribu juu ya chokaa tu, juu ya saruji sijui itafanyaje, kwa hiyo saruji yote iondoke kwanza. Akaibandua yote, vumbi wiki nzima, Bi Kokila anapiga chafya na kulaani. Akapiga lipu la chokaa tupu, tukaliacha livute pumzi. Kisha ndipo ikaja siku ya kupaka.

Mwalimu akasimama mbele ya ukuta na penseli yake, akachora mstari kutoka juu mpaka chini, katikati. "Kulia paka. Kushoto acha."

"Kushoto niache?" Fundi Makame akashangaa. "Mzee, nusu ukuta?"

"Kushoto ni shahidi."

Fundi akanitazama mimi, mimi nikatikisa kichwa kukubali, akapaka nusu. Tukaondoka sote tumeridhika. Asubuhi ya pili nakwenda kutazama, naukuta ukuta mzima unang'aa kwa rojo la mwani, mstari wa penseli hauonekani hata kwa dawa. Nikapiga ukelele. Bi Kokila akatoka jikoni anafuta mikono.

"Nini?"

"Bi Kokila, shahidi yuko wapi?"

"Shahidi gani? Mnanipakia nusu ukuta, nusu mnaniachia uozo? Nimetenda nini? Nimemwambia Fundi rojo limebaki ndooni, limalizie." Akamgeukia kaka yake aliyekuwa ameketi mikono kichwani. "Na wewe usinitazame hivyo. Ukuta ni wa mama yangu na mimi."

Mwalimu akavaa kofia yake, lakini kwa kuwa alikuwa yumo nyumbani kwake hakuwa na pa kwenda, akaenda kusimama kwenye ngazi.

Sasa sikilizeni lililonifika. Wiki zile zile Dokta Emanuel, mwalimu mwenzangu mdogo, alirudi kutoka masomoni. Emanuel ni mtoto wa mjini, wazee wake wametoka bara, mtaratibu, kijana wa kanisani, ukimkanyaga yeye ndiye anakuomba radhi. Nikampa meza upande wa pili wa maabara na nikamwambia, rudia jaribio langu la mwani, tuliandike pamoja. Baada ya siku chache akaja ananipikichia vidole.

"Bi Zuhura, samahani. Matone yangu yanazama."

"Yanazama vipi? Hukuosha vyombo."

Akaosha. Yakazama. Nikampa mwani wangu, yakazama. Nikampa chokaa yangu, maji yangu, sufuria yangu. Yakazama, yakazama, yakazama. Nikaona kijana huyu mikono yake mizito, nikaenda nikapaka mwenyewe kwenye meza yake, vigae vyake, kwa mkono wangu huu. Likazama! Nikavuka chumba, nikapaka kwenye meza yangu, nikavihifadhi kabatini mwangu vikauke. Tone likasimama, linanicheka.

Nilichanganyikiwa, msinione hivi. Nilikuwa nikilala nayaona matone. Nililaumu bahari kwa upande ule wa dirisha, nikalaumu feni, nikalaumu sabuni ya mfagizi. Shangazi yangu akasikia, akaniambia kuna mtu kanifanyia jambo, twende tukasomewe. Nikamwambia, Shangazi, mimi mwanasayansi. Akasema, "Haya, mwanasayansi, na tone linakusikiliza wewe tu. Huogopi?" Nikaogopa, kidogo. Siku moja nilisoma Ayatul Kursi juu ya meza ya Emanuel, naye akasimama pembeni ameinamisha kichwa kwa adabu, mpaka nilipomaliza. Tone likazama.

Mpaka siku moja mchana, nimechoka, nikatoa kigae kabatini nikadondosha maji. Tone likasimama vizuri kabisa. Kukigeuza, naona nyuma sijakiandika alama ya kilichopakwa. Kilikuwa kigae kitupu! Hakijapakwa kitu tangu kizaliwe, kimeingia kabatini kwa makosa pamoja na wenziwe. Mashahidi wangu siku zote niliwaweka juu ya rafu, nje, wasije wakagusana na vilivyopakwa. Nilijiona mwangalifu!

"Emanuel!" nikaita. "Njoo. Hili kabati lina nini?"

Emanuel akaja, akafungua mlango wa kabati, akatia kichwa ndani. Akakaa humo kitambo. Alipotoa kichwa, uso wake ulikuwa unapigana na kicheko, na mtoto yule hajawahi kunicheka.

"Bi Zuhura," akasema, "kikulacho ki nguoni mwako."

Ndani ya kabati lile, ubavuni mwa vigae vyangu, kila siku ya kazi nilitundika buibui langu na mtandio. Na mimi ni mwanamke wa mjini. Nimelelewa hivi, sitoki nguo haijafukizwa: chetezo chini, udi juu ya kaa, nguo zimetandazwa juu ya kitenga, moshi uingie mpaka kwenye nyuzi. Udi wenyewe naupika mimi, na sukari na marashi, wa kunata. Moshi wa udi una mafuta na utomvu. Kila siku buibui langu lilikuwa linavipaka vigae vyangu, taratibu, utando ambao jicho halioni, na tone la maji likija linaukuta udi, linasimama. Harufu yenyewe siisikii, maana nimo ndani yake miaka yote. Emanuel alikuwa akiisikia kutoka mlangoni, lakini angethubutu vipi kumwambia mkubwa wake, Bi Zuhura, unanukia?

Tukacheka mpaka tukakaa chini. Halafu ghafla nikaanza kulia, na masikini Emanuel hajui afanye nini.

Kwa sababu ukuta tushaupaka. Nimewapakia Mwalimu na dada yake rojo la mwani mtupu, mwani upendao maji, na masika iko mlangoni. Maana yake watatolewa nyumbani kwao, na dawa waliyoiamini ni yangu.

Nilikwenda jioni ileile. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini. Nilipomaliza akauliza, "Udi?"

"Udi, Mwalimu."

"Mwani haufanyi kitu?"

"Haufanyi. Tumejaribu nje ya kabati, kila namna. Unakunywa maji tu."

Nilitegemea avae kofia. Badala yake akasimama, akaniita kwa kidole. "Basi hebu nieleze hili." Akaubandika mkono wangu ukutani.

Ukuta ulikuwa mkavu.

Nikapapasa juu, nikapapasa chini karibu na sakafu, mahali palipokuwa panatiririka. Mkavu, chumvi hakuna. Nikamtazama Mwalimu, naye akanitazama, na nyuso zetu, nadhani, zilikuwa za kipumbavu kabisa.

"Saruji tuliyoiondoa," nikasema. "Ukuta ulikuwa umezibwa pua."

"Huenda. Au chokaa mpya yenyewe."

"Au ni kiangazi tu, kila kitu kimekauka."

"Au," akasema, na akasogeza macho kwenye kona, ambapo Bi Kokila alikuwa na madhabahu yake ndogo. Kila alfajiri na kila magharibi aliwasha vijiti vya udi wa Kihindi mbele ya miungu yake, moshi unapanda na ukuta uleule. Tukavitazama vile vijiti. Yarabi! Nilikuwa nimeukimbia udi chuoni, nikaukuta umekaa unaningojea hapa. Bi Kokila, aliyekuwa akisikiliza kila neno, akatuambia kwamba na jirani wa juu ameliondoa tangi lake bovu, lile lililokuwa likivuja miaka yote, au hatukujua? Hatukujua.

"Tungekuwa na shahidi..." Mwalimu akaanza.

"Usinianze!" Bi Kokila akasema.

Wakaguzi walirudi siku chache kabla ya mvua. Alikuja mama mmoja mtu mzima, mkubwa wao, na msaidizi wake. Mama yule akautandika ukuta kwa kiganja, akaugonga kwa funguo, akageuka ameridhika. "Mashallah. Mmetia dawa gani?"

Wote wakanitazama mimi. Bi Kokila alikuwa nyuma yangu, akanifinya. "Mwani," akanong'ona. "Mwambie mwani. Si ulisema mwenyewe mwani?" Neno lilikuwa jepesi kulitamka. Nimelisema mbele ya maprofesa, lingenishinda mbele ya mkaguzi? Nikimwambia ni dawa yangu, atatia alama yake, atakwenda zake, na wazee hawa watalala. Nikimwambia sijui, nani atawaacha watu chini ya ukuta ambao hata mtaalamu wake haujui? Nikamtazama Mwalimu anisaidie. Alikuwa ameinamia sakafu, kakataa kabisa kuinua uso.

"Sijui," nikasema.

"Hujui?"

"Nilidhani najua, nikajikuta sijui. Dawa niliyoitia haifanyi kazi, nimeihakikisha. Ukuta umekauka na sababu siijui. Zinaweza kuwa sababu tano. Inaweza kuwa jua."

"Are baba!" Bi Kokila akapiga paji la uso. "Msichana huyu atatuua!"

Mkaguzi akakaa kwenye kiti bila ya kukaribishwa. Alikuwa hajawahi kujibiwa hivyo, nadhani, na yeye pia hakujua la kufanya. Msaidizi wake akamwambia, "Bibi, kama hawajui, sheria ni watoke." Mwalimu sasa akainua uso, lakini hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia kama siku ile hatimaye maji yaliposhuka juu ya kioo changu kama shuka moja. Kisha akamwambia mkaguzi kwa upole, "Amekwambia kweli. Mimi nimezaliwa chumba hiki, na ningependa kufia humu. Lakini alichokwambia ni kweli."

Mama yule akaguna. Kisha akasema, "Tutaacha mvua iamue. Mvua kubwa ya kwanza nitakuja. Nikiukuta mkavu, kaeni mpaka Mungu awaite. Nikiukuta unalia, mtatoka siku hiyohiyo na nitafunga mlango kwa mkono wangu." Bi Kokila hakunisemesha tena mpaka nilipoondoka, na hakunipa chai.

Siku zile nilikuwa nikitazama mawingu kama mkulima. Emanuel akinitazama ninavyotazama, akaja akaniambia anawaombea kanisani. Nikamwambia aombee chokaa.

Mvua ilinikuta darasani. Ilianza mara moja, ile mvua ya masika inayopiga bati mpaka husikii unachosema. Nilikuwa ubaoni nawaeleza wanafunzi habari ya maji na vitu vyenye vitundu. Nikaweka chaki. Nikawaambia, "Sijisikii vizuri," na ilikuwa kweli, nikatoka. Vichochoro vilikuwa vimejaa maji mpaka kwenye vifundo, mifereji inamwaga kutoka juu ya mapaa, watu wamejibanza mabarazani wananiita, "Bi Zuhura, utaumwa!" Sikuwajibu. Nilikuwa nasema moyoni, ewe Mola, wazee hawa hawana pengine pa kwenda, na mimi ndiye niliyesema sijui.

Mlango wa juu ulikuwa wazi. Mkaguzi alikuwa amekwisha kuja, nilikutana naye kwenye ngazi anashuka, anakung'uta mwavuli, na uso wake haukuniambia kitu. Alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyeulizwa kitendawili, akapita.

Bi Kokila alisimama mlangoni, kidole mdomoni. "Sss."

Mwalimu Jayanti alikuwa amekivuta kiti chake mpaka ukutani, akaegemea, mgongo wake wote na shati lake jeupe vimeshikamana na ukuta, na kalala. Mdomo wazi kidogo, mikono imelegea. Nje mvua inaipiga nyumba kama inaidai.

Nilikwenda kwa vidole. Nikapiga magoti pembeni yake, nikaweka kiganja changu kilicholowa chini kabisa, karibu na sakafu. Nilipokiondoa, alama ya vidole vyangu vitano ilibaki imekolea, nyeusi. Nikaitazama. Ukuta ulikuwa umeyanywa maji ya mkono wangu, haukuyakataa hata kidogo. Kisha, mbele ya macho yangu, alama ikaanza kufifia, kidole kimoja kimoja, mpaka pakawa peupe kama palivyokuwa. Ulikuwa unakunywa na unatoa. Lakini ikiwa unakunywa, mvua yote ile imekwenda wapi? Nikaweka mkono tena. Nikatazama tena. Sikufahamu.

"Bi Kokila," nikanong'ona, "kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini mkavu?"

Akanitazama nilivyokuwa pale chini, buibui limegandana na mwili, maji yananitoka na kutengeneza dimbwi katika sakafu yake.

"Wewe Zuhura," akasema, sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, "mtu kalala kwao, na wewe unauliza kwa nini? Ondoka hapo chini. Kaa, nikutilie chai."

Nikakaa.